Jua la utosi, chumvi na korosho: mwongozo wa sayansi na hesabu kwa vitendo kwa watoto wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya msingi, mzazi, au kijana wa mtaani mwenye watoto kumi hadi kumi na watano wa darasa la nne kwenda juu, na Jumamosi isiyo na shughuli. Mwenye darasa la watoto themanini ataufuata pia, ila awatoe nje kwa zamu. Watoto themanini kwenye sinia moja la chumvi si somo, ni gulio. Nimepanga vitendo kwa kufuata majira ya Kusini, si sura za kitabu. Kiangazi chumvi inakauka vizuri, Oktoba jua linapita utosini na korosho zinaanza kuanguka, mvua zikishika kazi inahamia ndani.

Kabla ya kushika kifaa chochote

Sharti la kwanza, na ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote: mtoto aandike makisio yake kabla ya kupima. Aandike kwa peni, si penseli. Mtoto aliyeandika kwamba kilo moja ya korosho ina mbegu 500, halafu akahesabu akapata 190, ana jambo la kufikiri. Ambaye hakuandika atakwambia "nilijua tu", na hapo umemkosa. Usicheke makisio ya mtu, na usimpigie makofi aliyekisia karibu. Mwulize tu alifikaje pale.

Sharti la pili ni kugawa kazi. Kila kundi liwe na mpimaji, mwandishi na mbishi. Mbishi kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" na kudai kitu kipimwe tena. Zamu ya ubishi izunguke, na uanze na yule mtoto mkimya wa nyuma. Watoto wetu wamefundishwa kutombishia mkubwa, nami sina ugomvi na adabu hiyo, ila kwenye vipimo mbishi aruhusiwe kumbishia hata mwalimu. Atamke "Samahani mwalimu, tupime tena", yatosha.

Vifaa vingi ni vya kuazima. Futi kamba, timazi (uzi wenye uzito wa kuonyesha wima) na pima maji anavyo fundi mwashi. Mizani ipo dukani. Masinia, ndoo, madumu na chandarua kilichochakaa vipo nyumbani. Kununua ni kamba, karatasi ya manila na peni.

Julai hadi Septemba: chumvi kutoka baharini

Huu ndio wakati kusi linavuma na mawingu ni machache. Watoto wengi wa Mtwara Mjini, Lindi na Kilwa wamepita kando ya mashamba ya chumvi mara nyingi bila kupiga hesabu ya kinachotokea mle.

1. Chota lita 5 za maji ya bahari mahali pa wazi, mbali na mdomo wa mto. Yachuje kwa kitambaa safi.
2. Kila mtoto aandike: humu mna chumvi gramu ngapi?
3. Mimina kwenye masinia mapana, weka juani pasipofikiwa na kuku, funika kwa chandarua. Kusi hukausha haraka lakini pia huleta mchanga.
4. Kila jioni wapime kwa rula kina cha maji kwenye sinia na wachore mstari wa kushuka kwake.
5. Fuwele zikijaa na maji yakabaki kidogo sana, mwaga maji hayo ya mwisho. Ni machungu, yamebeba chumvichumvi za magnesi, na hata mashambani huwa hawayakaushi pamoja na chumvi ya kula.
6. Kausha, pima.

Maji ya bahari ya wazi yana takribani gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo lita 5 zinakaribia gramu 175. Mtapata pungufu kidogo kwa sababu ya maji mliyomwaga na punje zilizoganda kwenye sinia. Wacha waitafute sababu wenyewe. Kisha wapeleke hesabu shambani: gunia la kilo 50 linahitaji lita ngapi? Kama 1,430, yaani zaidi ya mapipa saba ya lita 200. Na kijaruba cha mita moja mraba chenye maji ya kina cha sentimita 10 kina lita 100, kwa hiyo kinatoa kilo tatu na nusu tu. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kwa nini mashamba yale ni makubwa vile.

Walio Lindi wana nafasi ya ziada. Wachote dumu moja kwenye mdomo wa mto Lukuledi na jingine pwani ya wazi, walinganishe chumvi yake. Walio Newala au Nachingwea waagize dumu kwa gari la pwani.

Siku ya kuchota maji, kama kuna mtu mzima anayeijua pwani hiyo, simamisheni mti wenye alama za kila sentimita 10 wakati maji yamekupwa, msome kila saa mpaka yajae. Kipimo kinachofuatwa na mabaharia ni cha sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Ni somo zuri la sehemu, na lina faida ya kumwonya mtoto kwamba maji yanayopanda polepole saa ya kwanza hayatabaki na mwendo huo. Wasiende peke yao, na bamvua, siku za maji makubwa, si wakati wa kuanzia.

Oktoba: kupima dunia kwa tundu la karatasi

Hiki ndicho kitendo ninachokipenda kuliko vyote, na watu wa Kusini tumepewa nafasi nzuri ya kukifanya. Mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa, wima juu ya kichwa. Ya Februari, kwa Mtwara kwenye tarehe 21 au 22, mara nyingi inaharibiwa na mawingu ya mvua. Ya Oktoba anga huwa wazi. Kwa kukadiria, na kwa kuruhusu siku moja mbele au nyuma: Kilwa Masoko tarehe 16, Lindi tarehe 19, Mtwara tarehe 20, Masasi tarehe 21, Newala tarehe 22. Jua linashuka kusini kama kilomita 40 kila siku, ndiyo maana tarehe zimepangana hivyo.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Misri, alitumia jua la utosi la mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, na kivuli cha Aleksandria kukadiria ukubwa wa dunia. Sisi tunatumia Mtwara na Dar es Salaam. Miji hii imekaa karibu kabisa kaskazini na kusini ya mwenzake, na kila familia ina ndugu Dar wa kupigiwa simu. Mtafute mapema mwalimu au shangazi mwenye watoto huko, mwelekezane.

Kivuli cha mti mrefu kina tatizo: ncha yake huwa na ukungu, haishikiki kwa rula. Kwa hiyo tunatumia mwanga badala ya kivuli.

1. Kata karatasi ngumu ukubwa wa daftari. Toboa katikati tundu dogo, la milimita 2 au 3.
2. Ifunge ilale bapa juu ya mti uliosimama, tundu likiwa nje ya mti, mita 2 kamili kutoka ardhini. Pima kwa futi kamba, mbishi ahakikishe.
3. Chini weka ubao uliosawazishwa kwa pima maji, ubandike karatasi ya manila.
4. Shusha timazi kupitia tundu mpaka kwenye manila. Weka alama pale inapogusa. Hii ndiyo alama mama. Toa timazi.
5. Saa sita kasorobo anzeni. Kwenye kivuli cha karatasi mtaona kiduara cha mwanga chenye upana wa kama sentimita 2. Kila baada ya dakika 5 wekeni nukta katikati yake na kuandika saa.

Makisio ya siku hiyo: kiduara kitapita wapi, na kitakuwa karibu zaidi na alama mama saa ngapi? Karibu watoto wote wataandika saa sita kamili. Mtwara, kwa Oktoba, ni saa sita na dakika 4 hivi. Dar inachelewa dakika kama 4 zaidi, kwa kuwa iko magharibi kidogo. Hamhitaji kuamini saa ya mtu yeyote. Nukta iliyo karibu zaidi na alama mama ndiyo adhuhuri yenu.

Kiduara kinatoka magharibi kwenda mashariki, sentimita nne na ushee kila dakika 5, na watoto wataona kwa macho kwamba kinatembea. Waache walifurahie hilo. Mwingine ataweka kiganja, kiduara kipande juu ya kidole na kushukia upande wa pili. Usimkemee, mwambie tu asiguse mti. Asitazame jua lenyewe hata mara moja. Viduara vile wanavyoviona chini ya mwembe mchana ni hivihivi, ni picha za jua zilizopita kwenye matundu ya majani.

Mtwara, kiduara kitapita juu ya alama mama au kuigusa. Dar es Salaam, siku hiyohiyo na kwa karatasi ya mita 2 vilevile, kitapita kama sentimita 12 kaskazini mwa alama. Watoto wa huko wawatumie namba yao kabla hamjawaambia mnategemea nini.

Sasa uwiano. Miale ya jua inafika miji yote miwili ikiwa sambamba, kwa hiyo tofauti inatokana na kupinda kwa dunia. Kwa pembe ndogo kama hii, sentimita 12 kwa sentimita 200 ni sawa na umbali wa Mtwara na Dar kwa nusu kipenyo cha dunia. Umbali huo upimwe kwenye ramani ya ukutani, kaskazini kwenda kusini tu, kwa kutumia skeli: ni takribani kilomita 385. Kuna mtoto atakayesema basi linakwenda zaidi ya kilomita 500. Yuko sahihi, lakini barabara inazunguka, na akiitumia namba hiyo dunia yake itavimba.

385 × 200 ÷ 12 = 6,417. Nusu kipenyo cha dunia kinachokubalika ni kilomita 6,371 kwa wastani. Mkipata 13 badala ya 12 jibu litakuwa kama 5,920; mkipata 11 litakuwa 7,000. Waambie wakokotoe zote tatu, wajionee jinsi sentimita moja ya uzembe Dar inavyozaa mamia ya kilomita.

Hapo mbishi mzuri atasimama. Atauliza: je, kama dunia ni bapa na jua liko karibu? Usimzime, maana swali lina mashiko. Ukiwa na miji miwili tu, hesabu ileile inaweza kusomwa kwamba jua limening'inia kilomita 6,400 juu ya dunia bapa. Namba peke yake haiamui. Kinachoamua ni kiduara. Asubuhi ya siku inayofuata, kwenye saa mbili, shikeni ile karatasi yenye tundu ielekee jua, na nyingine nyuma yake kwa umbali wa mita 2, zote zikiwa zimelikabili jua. Pimeni upana wa kiduara, kisha rudieni adhuhuri. Jua lingekuwa kilomita 6,400 juu yetu, saa mbili asubuhi lingekuwa mbali mara mbili ya adhuhuri, na kiduara kingesinyaa karibu nusu. Hakisinyai. Ni sentimita 2 asubuhi na sentimita 2 mchana, kwa sababu jua liko mbali mno kiasi kwamba kuzunguka kwetu hakubadilishi kitu. Watoto wa Mikindani na Msimbati wana ushahidi mwingine bure: jahazi likienda mbali, mwili unazama kwanza na tanga linabaki.

Kitendo hiki kinachukua siku mbili na simu moja. Tarehe ikiangukia siku ya shule, omba kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko ya mchana.

Oktoba hadi Desemba: korosho

Onyo kwanza. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake ukichomwa unaumiza macho na kifua. Katika kitendo hiki hakuna kubangua, kuchoma wala kutafuna. Tunatumia korosho kavu, nzima, na mikono inaoshwa kwa sabuni mwishoni.

1. Makisio: kilo moja ni korosho ngapi?
2. Kila kundi lipime kilo moja kutoka gunia lilelile na kuhesabu. Wazipange kumi kumi, la sivyo watapotea kwenye 130.
3. Ubaoni andika majibu ya makundi yote, tafuteni wastani. Mara nyingi unacheza jirani na 200, ila inategemea shamba na ukubwa wa mbegu.
4. Kwa wastani huo, gunia la kilo 80 lina korosho ngapi? Kama wastani ni 190, ni 15,200.

Msiishie kwenye wastani. Tofauti kati ya kundi na kundi ndiyo somo. Kwa nini hawa wana 178 na wale 205? Walichota juu ya gunia au chini? Walichagua kubwa? Anayekagua ubora wa korosho ghalani hachukui kiganja cha juu tu, anatoa sampuli sehemu mbalimbali za gunia, na mtoto aliyehesabu mwenyewe anaona sababu bila kuhubiriwa.

Halafu lete bakuli. Biashara ya kangomba, ya kupima korosho kwa chombo badala ya mizani, imepigwa marufuku, na kila mtoto wa mkulima amewahi kulisikia jina hilo likitajwa kwa hasira. Jazeni bakuli kwa kufuta juu, mpime. Jazeni tena kwa kilima, mpime. Andikeni tofauti kwa gramu, kisha kwa asilimia. Kama kilima kinaongeza gramu 150 juu ya kilo, mkulima wa bakuli 100 ametoa kilo 15 bure. Sihitaji kueleza zaidi; nyumbani wataieleza wao.

La mwisho kwa korosho: ndoo ya maji, korosho 50, hesabuni zinazoelea na zinazozama, mgeuze kuwa asilimia. Wakulima wanaochagua mbegu za kupanda huchukua zinazozama, kwa kuwa ndizo zilizojaa. Zilizolowa zirudishwe juani, mwenye gunia asije akalalamika.

Mvua zikianza: kamba ya Tendaguru

Kilima cha Tendaguru kiko mkoa wa Lindi, kaskazini-magharibi mwa mji. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji wa mifupa ya dinosaria pale, wakitegemea mamia ya vibarua wa Kiafrika waliochimba na kuibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mifupa ya dinosaria mmoja wa pale, Giraffatitan, imesimamishwa Berlin kwenye jumba la makumbusho, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Jambo la kama ingefaa irudi nyumbani litazuka lenyewe darasani. Mpe mbishi nafasi, kisha rudini kwenye kamba.

1. Wakisie, kisha wapime kwenye varanda ya shule mita 13.27. Wagawe kwa urefu wa mtoto mmoja: ni watoto wangapi waliosimamiana mabegani?
2. Chukueni kamba ya mita 15. Kila sentimita 10 ni miaka milioni moja. Ncha moja ni leo, nyingine ni wanyama wa Tendaguru, miaka milioni 150 hivi iliyopita.
3. Kila mtoto abandike kijikaratasi mahali anapodhani binadamu wa aina yetu walianza. Wengi watabandika katikati.
4. Wakokotoe. Binadamu wana kama miaka 300,000, ambayo ni sentimita 3 za mwisho.
5. Miaka tangu uchimbaji wa 1909 ni upana gani kwenye kamba hii? Kama sehemu moja ya mia ya milimita. Rula imeshindwa, na hapo ndipo desimali zinapopata kazi.

Hesabu hizi ziandikwe kwenye manila na kubandikwa ukutani, makisio upande mmoja na vipimo upande mwingine, yaliyokosewa yasifutwe. Futi kamba irudi kwa fundi siku hiyohiyo. Jumatatu ana msingi wa kuchimba.